Rangi na Athari Yake Nyoyoni Mwetu



Ukurasa huu ni wa mambo ya nyumbani, na mambo ya nyumbani si chakula na mavazi tu. Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya kitu ambacho kimo katika kila chumba, wala hapana mtu anayekiuliza habari zake: nacho ni rangi. Hatukusudii rangi ya kupaka ukuta wala ya kutia nguo, bali rangi kama wanavyoitumia wapiga chapa, wapangaji wa magazeti, wachoraji wa mabango na pakiti, na watengenezaji wa hizo picha ziingiazo katika vioo vya simu zetu mchana na usiku.

Siku hizi kuna elimu iitwayo saikolojia ya rangi, yaani elimu ya namna rangi zinavyoiathiri nafsi ya mwanadamu. Wanaoifundisha kwa ajili ya biashara husema maneno mepesi: nyekundu huamsha njaa na haraka, buluu huleta imani, kijani hutuliza, manjano hufurahisha, nyeusi huonyesha heshima na ukubwa. Wakisha kusema hayo, humshauri mwenye duka achague rangi ya tangazo lake kama mtu achaguavyo ufunguo, kana kwamba kila moyo ni mlango na makufuli yote ni ya namna moja.

Je, maneno haya ni kweli? Jawabu ni kwamba ndani yake mna kweli na mna uwongo, na yafaa tuvitenge. Kweli yake ni kwamba rangi huliita jicho kwa maumbile. Uwongo wake ni kudai kwamba kila rangi ina maana yake yenyewe, moja kwa watu wote. Rangi huita, lakini haisemi neno mpaka ifundishwe. Na yule anayewafundisha watu maana yake ndiye apataye kuwatawala kwayo. Kwa hiyo ni haki ya kila mzazi kuuliza: Watoto wangu, maana ya rangi wanafundishwa na nani?

Na tuanze na ushahidi ulio karibu nasi. Kila msimu wa machungwa, magari hushuka kutoka Mkuyuni, Kinole na Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, yakileta matunda katika soko la Morogoro. Machungwa hayo aghalabu maganda yake ni ya kijani, nayo yameiva barabara. Ukiyamenya hutoka maji matamu. Sababu yake yajulikana. Ganda la chungwa hupoteza ukijani wake linapopata usiku wa baridi, na katika mabonde ya joto baridi hiyo haifiki. Basi tunda huiva ndani na ganda likabaki kijani. Lakini mtoto wa mjini aliyelelewa kwa maji ya matunda ya pakiti, ambayo juu yake pamechorwa chungwa linalowaka kama kaa la moto, huliangalia chungwa la Kinole akasema: "Hili bichi." Ulimi wake haujaonja, lakini jicho lake limekwisha kutoa hukumu. Aliyemfundisha si babu yake mwenye shamba. Ni yule aliyechora pakiti.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba sisi wenyewe twasema "rangi ya chungwa", tukakusudia rangi ambayo machungwa yetu mengi hayana. Na huko Marekani, katika jimbo la Florida, machungwa yaliyoiva na kubaki kijani huwekwa katika vyumba vyenye hewa ya ethilini ili maganda yageuke, na kwa miaka mingi sheria ya nchi hiyo iliruhusu maganda ya baadhi ya machungwa kutiwa rangi. Kwa hiyo kule tunda hubadilishwa lifanane na picha. Na hapa mkulima wa Matombo huweza kupunguziwa bei kwa kuwa tunda lake halikufanana na picha. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi hata kizuri hukosa mnunuzi kikiwa hakikuvaa rangi aliyoizoea mnunuzi.

Jambo hili wenye elimu wamelichungua tangu zamani. Mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufa Misri karibu na mwaka 1040, aliandika kitabu kikubwa juu ya kuona, kiitwacho Kitab al-Manadhir. Kabla yake walikuwako wengi waliodhani kwamba jicho hutoa nuru yake ikaenda kukigusa kitu. Yeye akabainisha kwamba nuru ndiyo itokayo katika kitu ikaja jichoni. Tena akaeleza kwamba kuijua rangi kuna daraja mbili. Kwanza jicho huhisi kuwa hapa pana rangi. Kisha akili hutambua ni rangi gani, kwa kuilinganisha na zile ilizokwisha kuziona na kuzihifadhi. Akatoa mfano wa pia ya watoto iliyopakwa rangi mbalimbali: ikizunguka upesi, jicho haliwahi kuzitenga rangi zile, likaona rangi moja tu, nayo si yoyote katika hizo.

Wenye elimu wa zama hizi wameongeza kwamba nyuma ya jicho mna chembe za namna tatu zipokeazo rangi, na kwamba livutalo jicho kuliko yote ni tofauti. Pilipili moja iliyoiva katika mti wa majani mabichi huonekana kwa mbali; pilipili ile ile ndani ya gunia pamoja na wenziwe haionekani. Na rangi hugeuka kwa mahali asimamapo mtu. Asimamaye Msamvu asubuhi huiona milima ya Uluguru imefanya buluu. Akipanda mpaka Morningside hukuta ni majani mabichi na misitu. Mlima ni ule ule, ila hewa iliyo baina yake na jicho imepungua. Ikiwa mlima mzima waweza kuvaa rangi mbili katika siku moja kwa mtu mmoja, itakuwaje tuambiwe kwamba rangi moja ina neno moja kwa watu wote wa dunia?

Lugha yetu nayo ina ushahidi. Katika Kiswahili sifa za rangi zinazofuata ngeli za majina ni tatu tu: -eusi, -eupe na -ekundu. Twasema kitabu cheusi, nguo nyeupe, maua mekundu. Nyingi zilizobaki tumeziazima katika vitu: kijani katika majani, manjano katika bizari, kahawia katika kahawa, kijivu katika majivu, zambarau katika tunda, na samawati katika mbingu kwa jina lake la Kiarabu, na buluu ilitujia pamoja na wageni. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walilinganisha majina ya rangi katika lugha nyingi, wakasema kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi huwa na hayo hayo: la weusi, la weupe na la wekundu. Basi rangi tatu hizi ndizo za kwanza kuliita jicho la mwanadamu, na hapo ndipo penye kweli ya wale wasemao kwamba nyekundu ina nguvu. Ina nguvu ya kuita.

Wazee wetu waliijua nguvu hiyo wakaitumia katika kurasa zao. Yasimuliwa kwamba Abu al-Aswad ad-Du'ali, katika karne ya kwanza ya Hijra, aliweka nukta za irabu kwa wino usiofanana na wino wa herufi, na katika misahafu mingi ya kale nukta hizo ni nyekundu. Katika pwani yetu, misahafu iliyoandikwa kwa mkono huko Siyu, kisiwani Pate, katika karne za 18 na 19, ilipambwa kwa nyeusi, nyekundu na manjano. Na siku hizi imekuja misahafu ya tajwidi ya rangi, mashuhuri zaidi ikiwa ile ya Damascus: rangi moja kwa madda, nyingine kwa ghunna, nyingine kwa kalkala, na ufunguo umewekwa kumweleza msomaji kila rangi ina maana gani. Twawaomba wasomaji wetu waushike sana ufunguo huo, kwani ndio mizani tutakayopimia mambo yote yanayofuata. Mwenye kuitumia rangi kwa uaminifu hukwambia kwanza maana yake, ndipo akutake uifuate. Mwenye hila hukutaka uifuate bila ya kukwambia.

Kina mama zetu nao wana ukurasa wao, nao ni kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Na kabla mtu hajasoma jina, rangi imekwisha kumpa habari. Kisutu, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, ni katika kanga za zamani kabisa, na katika pwani hukumbusha arusi. Hapa Morogoro penyewe mna kiwanda, kilichoitwa Polytex na baadaye 21st Century Textiles, kilichojulikana kwa kanga na vitenge vyake, na wachoraji wa nguo hizo hujua kwamba rangi ipendwayo mahali pamoja huweza kudoda mahali pengine. Nyeupe kwetu ni kanzu ya Idi, ni ihramu, na ni sanda: furaha, ibada na msiba katika rangi moja. Kwa Wachina nyeupe ilikuwa tangu kale rangi ya matanga, na bibi arusi wao akavaa nyekundu. Kama nyeupe ingekuwa na maana yake ya maumbile, isingalikuwa bibi arusi kwa taifa moja na mfiwa kwa jingine.

Kutoka katika nguo twende katika bendera na siasa, maana huko rangi hufundishwa kwa makusudi. Bendera ya Tanzania iliyoanza mwaka 1964 ina rangi nne, na kila mtoto wa shule hufundishwa: kijani ni ardhi na mimea yake, nyeusi ni watu wake, buluu ni maji, manjano ni madini. Asiyefundishwa asingeliona madini katika mistari ile ya manjano hata akiitazama mwaka mzima. Lakini hapana hila ndani yake, kwa kuwa ufunguo wake husomwa hadharani.

Kwa jirani zetu wa Kenya pana mfano mkubwa zaidi. Mwaka 2005 wananchi walipoulizwa juu ya rasimu ya katiba, waliosimamia kura waliweka alama za matunda ili asiyejua kusoma asipotee: ndizi kwa ndiyo, chungwa kwa hapana. Tarehe 21 Novemba chungwa likashinda, hata chama cha siasa kikachukua jina lake. Mwaka 2010 walipoulizwa mara ya pili, alama zilikuwa rangi tupu: kijani kwa ndiyo na nyekundu kwa hapana, kama taa za barabarani, na tarehe 4 Agosti kijani kikapata karibu kura 67 katika kila mia. Hatusemi kwamba rangi ndiyo iliyoshinda, kwani watu walikuwa na hoja zao na viongozi wao. Walakini, wale waliokuwa upande wa hapana walipewa wabebe rangi ambayo kila dereva amefundishwa kusimama mbele yake, na wenzao wakapewa ile ya kuambiwa pita. Mtu akitaka kujua kwamba rangi si pambo tu, na aufikiri mfano huo.

Ama katika biashara, tazameni habari ya M-Pesa. Ilianza Kenya mwaka 2007 chini ya Safaricom, ambayo rangi yake ni kijani. Mwaka 2008 ikaja Tanzania chini ya Vodacom, ambayo wakati ule ilikuwa ya buluu, na mwaka 2011 kampuni hiyo ikavua buluu ikavaa nyekundu. Sasa ikiwa buluu ndiyo iletayo imani katika fedha, mbona Mkenya aliamini kijani? Na mbona Mtanzania hakukimbia na fedha zake siku ile buluu ilipogeuka nyekundu? Imani ilitoka katika kuona fedha zikifika salama kwa mama aliye kijijini, na rangi ikawa alama ya kuonyesha kibanda kiko wapi. Ndiyo maana makampuni ya simu hupaka kuta za maduka kando ya barabara zetu kuu: huchuma kidogo kidogo mazoea ya macho yetu, kwani wajua kwamba kilichozoewa huaminiwa. Na mapenzi yakishachanganyika na mazoea, rangi huwa na nguvu ya ajabu. Mpenzi wa Yanga, mwenye kijani na manjano, na mpenzi wa Simba, mwenye nyekundu na nyeupe, kila mmoja huweza kuikataa nguo nzuri dukani kwa sababu ya rangi yake tu. Walizaliwa na macho sawa. Timu ndizo zilizowafunza.

Tumesema kwamba ndani ya elimu hii mna uwongo pia, na hapa tutoe mfano mmoja mashuhuri. Mwaka 1979, huko Seattle nchini Marekani, chumba cha mahabusi katika jela ya wanamaji kilipakwa rangi ya waridi, ikasemwa kwamba wafungwa waliotiwa humo walipoa hasira zao kwa muda mfupi. Habari ikaenea, jela nyingine zikaiga. Lakini waliochunguza jambo hilo baadaye kwa uangalifu zaidi hawakuipata athari ile. Basi msomaji akisikia mtu akisema kwa kukata kwamba rangi fulani lazima imfanye mtu hivi au vile, na amwulize: Umeipima wapi, na kwa watu gani?

Hata hivyo, yako mambo ambayo rangi huyafanya kweli, na yanagusa afya ya watu wa nyumbani. Mwaka 1996 watafiti wa Uholanzi walikusanya uchunguzi mbalimbali juu ya rangi za vidonge, wakaona kwamba watu hudhani vidonge vyekundu, vya manjano na vya rangi ya chungwa ni vya kuamsha mwili, na vya buluu na kijani ni vya kutuliza, kabla hawajajua ndani mna dawa gani. Hapo mtu hujiandaa kwa jicho lake. Madhara yake twayajua sote: mgonjwa aliyezoea kidonge cha rangi moja hupewa dawa ile ile ya kiwanda kingine yenye rangi nyingine, akaiacha kwa kudhani amebadilishiwa. Au jirani humpa jirani yake vidonge, akasema, "Ni vile vile vya manjano vilivyoniponya." Dawa hujulikana kwa jina lake lililoandikwa na kwa maelezo ya mganga, rangi yake si jina.

Lakini rangi ya dawa yaweza kutumika kwa wema pia. Mwaka 2010 ulipoanza mpango wa mataifa wa kushusha bei ya dawa mseto za malaria, ambao Tanzania ilishiriki, pakiti za dawa hizo zilipigwa alama ya jani la kijani, na watu wakatangaziwa maana yake. Mama asiyejua kusoma jina refu la dawa aliweza kwenda dukani akauliza ile yenye jani. Hapo ufunguo ulitolewa, na rangi ikawa msaada kwa mnyonge.

Sasa twafika penye hatari. Wakulima wa Mgeta na vijiji vya juu vya Uluguru hulima kabeji, nyanya na mboga nyinginezo, na wengi hupiga viuatilifu, yaani dawa za kuulia wadudu. Chini ya karatasi ya chupa za dawa hizo huwako mstari wa rangi uliopangwa kwa utaratibu wa mataifa. Nyekundu ni sumu kali kabisa. Manjano ni yenye madhara makubwa baada yake. Buluu ni onyo la kujihadhari. Na kijani ni ile ambayo madhara yake ni madogo kuliko za nyingine ikitumiwa ipasavyo. Utaratibu huu una faida, lakini ufunguo wake haufiki katika kila nyumba. Nyekundu, mtu huweza kuikisia. Ama buluu, kwetu ni bahari na ni mbingu. Nani ataona onyo ndani yake? Manjano kwetu ni bizari. Na kijani kwa mkulima ni rangi ya shamba lililostawi, basi huweza kudhani kwamba chupa ile haina dhara lolote, akaishika kwa mikono mitupu.

Mbaya kuliko hayo ni yule aimiminaye dawa hiyo katika chupa ya soda na kuiweka uvunguni. Amekwisha kuondoa mstari wa rangi, ameondoa maandishi, na ametia sumu katika umbo na rangi ambavyo mtoto amefundishwa na mabango kwamba ni kinywaji kitamu. Mtoto anapoinywa, hakuasi. Ametii mafunzo ya jicho lake. Twamwomba kila msomaji wetu mwenye ndugu au mpangaji anayelima, amsomee maneno haya, na amwonyeshe mstari ule katika chupa yake mwenyewe.

Baada ya shamba, turudi chumbani, penye simu. Katika vioo vya simu, idadi ya habari mpya huonyeshwa kwa kiduara chekundu. Twajua sasa kwa nini ni chekundu: ni rangi inayoita, nayo imewekwa juu ya alama nyingine iliyo tofauti nayo, ili jicho lisiweze kuipita. Lakini je, kinachoita kina haraka gani? Aghalabu ni picha ya harusi ya mtu tusiyemjua, au tangazo la viatu. Wekundu tuliowekewa barabarani kwa ajili ya hatari umefanywa mwito wa soga. Simu nyingi za siku hizi zina mahali pa kuondoa rangi zote, kioo kikabaki cheusi na cheupe. Na mzazi aonaye kwamba mtoto wake, au yeye mwenyewe, hawezi kuiweka simu chini, na aijaribu njia hiyo kwa juma moja. Simu itafanya kazi zake zote, ila itapunguza kupiga kelele machoni.

Na kwa kuwa wengi katika wasomaji wetu ni walimu, makatibu wa misikiti na viongozi wa vyama, ambao huandika matangazo na kuchora mabango, twawaongezea maneno machache. Tumieni rangi chache, kwani ukurasa wenye rangi saba ni kama mkutano ambao watu saba wasema kwa mara moja. Wekeni herufi nyeusi juu ya nyeupe kwa maneno marefu, na nyekundu mwihifadhi kwa neno moja litakiwalo kuonekana kwanza. Katika ubao mweusi chaki nyeupe na ya manjano husomeka. Nyekundu humpotea mtoto aliyekaa nyuma. Tena kumbukeni kwamba wako watu, na wanaume ni wengi zaidi kuliko wanawake, ambao tangu kuzaliwa hawawezi kuitenga nyekundu na kijani. Mtoto wa namna hiyo akiambiwa apige mstari chini ya maneno mekundu akakosea, asipigwe wala asiitwe mzembe. Kila mnapoonyesha jambo kwa rangi, lionyesheni na kwa neno.

Wala kijani kisitumike kuwapumbaza waumini. Watu wetu wameizoea rangi hiyo katika misikiti na katika majalada ya vitabu vya dini, na wachuuzi wamelitambua hilo. Basi huvika pakiti kijani, wakachora mwezi na nyota, na mnunuzi hudhani kwamba kilichomo ni halali na ni safi. Uhalali wa chakula umo katika kilichotiwa ndani yake na katika njia kilivyopatikana. Soma maandishi, au umwulize ajuaye.

Hatukatazi kuzifurahia rangi. Qur'ani yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara, yataja ng'ombe wa rangi ya manjano iliyokolea, mwenye kuwafurahisha wamtazamao. Kwa hiyo furaha ya jicho ni neema, na nyumba isiyo na kanga nzuri wala ua mlangoni ni nyumba ya huzuni. Tunachokitaka ni kwamba jicho lifurahi, na akili ibaki macho.

Basi na tumalize kwa kazi ndogo ya nyumbani. Jioni moja, baada ya chakula, baba au mama na akusanye vitu vitano vilivyomo nyumbani: gazeti, pakiti ya sabuni, kopo la maziwa, pakiti ya dawa, na simu. Awaulize watoto juu ya kila kimoja maswali matatu. Rangi ipi imeliita jicho lako kwanza? Je, imekwambia nini? Na maneno yaliyoandikwa, yanasema hilo hilo au yanasema jingine? Kisha awape chungwa la kijani lililoiva, walimenye wale. Mtoto aliyefanya kazi hiyo mara tatu au nne atakwenda dukani na macho yale yale aliyozaliwa nayo, lakini mchuuzi atapata taabu zaidi kumwongoza kwayo.

Mwenyezi Mungu atupe macho yaonayo na nyoyo zifahamuzo. Wabillahi tawfiq.